Kitambulisho cha Jerioth

Al-Sulay, Riyadh
Ijumaa, 11 Januari 2013

Jerioth amekufa. Ni jana Alhamisi asubuhi, nyumbani. Alianguka shambani Jumanne, akalala siku mbili, akafa. Nehemiah kaka yenu ndiye alinipigia simu.

Pole shemeji. Ni mdogo wako na ni bibi yangu, sijui nani ampe nani pole. Naandika kwa sababu madam wako alichukua simu yako. Barua hii inabebwa na Danson wa lori la friji. Anakuja Jeddah kila baada ya wiki mbili. Atampa dereva wa nyumba yenu, yule Mbangladeshi, na yeye atakupa ukitoa takataka. Ukijibu pitisha hapo hapo.

Mimi niko mzima. Bado napakua simiti kwa godauni ile ile. Ashley ako kwa Terry, mdogo wenu wa mwisho. Terry anasema mtoto hajalia. Amevaa ile sweta ya kijani ya mama yake na hataki kuivua.

Nimemwambia mudir, msimamizi wa godauni, nataka kwenda kuzika. Mudir akapigia kafili, yule mwenye viza yangu. Kafili amesema nilete karatasi ya kifo ya serikali, iko na muhuri, ndio anipe viza ya kutoka na kurudi. Bila hiyo, mafi, hakuna. Nimemwambia Nehemiah anitumie haraka. Alisema sawa.

Mimi si mtu wa kuandika. Yangu ni hayo.

Laban


Jeddah
23 Januari 2013

Baba Ashley, shemeji yangu,

Nakusalimu kwa machozi. Natumaini unakula. Mimi afya iko, mgongo tu unanisumbua kwa sababu ya ngazi, nyumba hii ina ghorofa tatu na naziosha zote.

Barua yako niliipata karibu na pipa la taka. Nikaisoma nimesimama pale pale. Mstari wa kwanza nilirudia mara nyingi nikifikiri labda umeandika jina vibaya. Laban, hata salamu hukuweka mbele. Lakini sikulaumu, mtu angeanzia wapi.

Madam aliponiona akaniuliza nina nini. Nikamwambia dada yangu amekufa. Akasema Mungu amrehemu, nenda chumbani upumzike mpaka wageni wafike. Wageni walifika saa kumi.

Ijumaa akanipa simu yake dakika kumi, sauti ikiwa imefunguliwa ili asikie nasema nini, kama kawaida yake, hata kama Kiswahili haelewi. Niliongea na Nehemiah. Alisema mazishi ni tarehe mbili Februari. Nikamuuliza mbona mbali hivyo, mtu akae mochari wiki tatu. Akasema Mheshimiwa ndiye anaweza siku hiyo. Unajua Nehemiah ni ajenti wa yule anayetaka ugavana. Hii ndiyo mara ya kwanza kaunti zetu kupata magavana, wamechanganyikiwa wote huko. Mheshimiwa amelipa jeneza na hema, kwa hivyo siku anachagua yeye.

Kuhusu karatasi ya kifo, Nehemiah anasema iko njiani. Usimsukume sana, shemeji. Ana mambo mengi mwezi huu.

Nataka kukuuliza. Mliongea na Jerioth lini mara ya mwisho? Alikuambia anaumwa? Kwangu hakuwahi kuandika kwamba anaumwa.

Hillary wangu ameingia kidato cha pili. Sijui amekuwa mrefu kiasi gani.

Ni mimi, Serah


Al-Sulay, Riyadh
Ijumaa, 8 Februari 2013

Shemeji Serah,

Salamu. Mimi niko. Huku baridi imezidi, asubuhi vidole havikunjiki. Pole na mgongo. Hillary akisoma ni vizuri.

Jerioth alizikwa Jumamosi. Mimi nilizika kwa simu. Terry aliweka simu yake karibu na kaburi, mimi nikaweka yangu kwa mfuko wa shati na waya kwa sikio chini ya kofia, nikaendelea kupakua. Kontena ilikuwa imefika na mudir alikuwa amesimama hapo. Pasta alipoanza kuomba laini ikakatika. Iliporudi alikuwa anaongea Mheshimiwa. Huyo nilimsikia mpaka mwisho. Aliongea dakika arobaini. Alisema marehemu alikuwa nguzo ya wanawake na tarehe nne Machi, siku ya kura, watu wasiangushe kile alipigania. Jerioth hakupigania kitu, alikuwa anapanda mahindi na maharagwe. Alimwita Jerusha. Mara tatu. Watu walipiga makofi.

Elphas tunayelala chumba kimoja aliniuliza naskiza nini. Nikamwambia siasa.

Sasa karatasi. Nehemiah anasema haiwezi kutoka kwa sababu kitambulisho cha Jerioth kimepotea. Ati mtu akifa lazima kitambulisho chake kirudishwe serikali ndio waandike kwamba amekufa. Ati chifu aliwapa kibali cha kuzika tu, hiyo ingine ingoje kitambulisho kipatikane.

Kitambulisho hakijapotea. Jerioth alikuwa anakiweka ndani ya Biblia, hapo kwa Zaburi, miaka yote tangu nimuoe. Nimemuuliza Terry. Terry anasema Biblia iko kwa meza, kitambulisho hakuna. Halafu akakata simu. Terry si mtu wa kukata simu.

Wewe ni mkubwa wao. Kuna kitu unajua?

Ile ingine uliuliza nitajibu siku ingine.

Laban


Jeddah
20 Februari 2013

Baba Ashley,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. Ninyi mnalia baridi na sisi tumeshaanza kuwasha AC. Nashukuru kwa kunieleza mazishi. Nilitaka kujua waliimba wimbo gani lakini naona hukuusikia.

Madam ana mgeni kila siku. Yule binti yake mkubwa anayesoma chuo amepata kazi ya kuandika kwa Kiingereza, na kwa kuwa Wakenya tunajua Kiingereza, ananiita jikoni ananisomea nimrekebishe. Mimi nakata bamia, yeye anasoma. Ni habari za uchaguzi wa gavana huko Amerika, zamani sana, miaka mia na zaidi imepita, kwenye jimbo moja ambalo jina nimelisahau. Watu wawili walitaka ugavana. Siku ya kuhesabu wakakuta kura ni nyingi kuliko watu. Kumbe wapambe walienda makaburini na daftari wakaandika majina yaliyo kwenye mawe. Kila jina likapata mtu wa kulisimamia kwenye foleni. Mtu anaitwa jina la baba yake aliyekufa, anasema ni mimi, anapiga kura.

Yule binti akaniuliza, Serah, hawa watu walikuwa wabaya? Nikamwambia sijui. Nikamwambia labda waliambiwa ni siku moja tu, na aliyekufa hataumia. Akaandika hivyo kwenye karatasi yake. Sijui mwalimu atampa ngapi.

Nimefikiria sana hiyo habari. Nimeona nikuandikie tu.

Mwezi wa nne natimiza miaka mitatu hapa. Mkataba ulikuwa miwili. Nikimuuliza madam ananiambia ngoja Ramadhani ipite. Ni Ramadhani gani, hasemi.

Hujanijibu mliongea lini na Jerioth.

Serah


Al-Sulay, Riyadh
Ijumaa, 8 Machi 2013

Serah,

Salamu. Sina habari za Amerika. Nakuuliza za kwetu.

Jumanne nilipigia Ashley. Nikamuuliza umeshindaje. Akaniambia, baba, jana auntie Terry aliniomba sweta ya mama. Nikamuuliza ya nini. Akasema ya kuenda kupiga kura. Nikamwambia Terry hana kitambulisho, ana miaka kumi na saba. Ashley akasema, anko Nehemiah alimpa cha mama. Akasema, baba, akiwa na sweta na kitambaa kichwani anafanana na mama kabisa, nilimfuata mpaka kwa geti ya shule.

Terry ana uso wa Jerioth, wewe unajua. Na hiyo sweta ndiyo Jerioth alipigwa picha nayo akijiandikisha mwezi wa kumi na mbili. Mashine za vidole zilizima asubuhi hiyo, wakatumia daftari la picha. Nehemiah amekiri. Hata hakuona haya. Aliniambia, shemeji, kura ni kura.

Kumbe kitambulisho hakikupotea. Kilikuwa kinangoja tarehe nne. Mimi nimekaa hapa miezi miwili na mudir ananiuliza karatasi iko wapi, na Jerioth alikuwa hajaruhusiwa kufa.

Elphas ameniambia, bwana, bibi yako ana nguvu, hapa kambini tuko watu sitini wazima na hakuna hata mmoja amepiga kura. Nilitaka kumpiga. Halafu nikacheka. Halafu nikatoka nje nikakaa kwa mifuko.

Nehemiah amesema kitu kingine. Amesema hakuamua peke yake. Amesema aliuliza mkubwa wao na mkubwa akakubali.

Mkubwa wao ni wewe. Niandikie wewe mwenyewe. Usiniandikie bamia.

Laban


Al-Sulay, Riyadh
Ijumaa, 5 Aprili 2013

Serah,

Hujajibu. Danson ameenda Jeddah mara mbili na kurudi mikono mitupu. Dereva wenu anasema barua alikupa kwa mkono.

Kama ni mgonjwa sema. Kama ni madam amekukataza sema.

Mheshimiwa alishinda. Alimpita mwenzake na kura elfu kumi na nne. Ondoa ile moja uone kama ataanguka.

Nehemiah sasa anafanya kazi ofisi ya gavana. Anavaa tai. Amesema karatasi ya kifo itatoka wiki hii, ameongea na watu. Samuel wa kambi yetu ako likizo nyumbani, anarudi mwisho wa mwezi, atanibebea.

Karatasi ikifika nitaenda. Jerioth hawezi kuzikwa tena, lakini nataka kuona mahali, na Ashley anione. Ana miaka tisa. Mara ya mwisho alikuwa na sita.

Laban


Jeddah
17 Aprili 2013

Baba Ashley,

Sikuumwa na madam hakunikataza. Niliandika nikachana, niliandika nikachana. Leo sichani.

Ni kweli. Ile Ijumaa ya Januari nilipoongea na Nehemiah kwenye simu ya madam, aliniambia amekichukua kitambulisho kwenye Biblia. Aliniambia, dada, wewe ndiye mkubwa na mwenye mji yuko mbali, sema neno. Tukikirudisha sasa jina linafutwa. Tukikiweka mpaka tarehe nne, Jerioth atatusaidia mara moja ya mwisho. Nikamwambia, na Laban je, anangoja karatasi. Akasema, Laban ni mwanaume, atangoja.

Halafu akaniambia hivi. Mheshimiwa akiwa gavana ataandika barua ubalozini, na mimi nitatolewa kwenye nyumba hii. Alisema ameshataja jina langu kwake.

Madam alikuwa amesimama mbele yangu anaangalia saa ya ukutani. Zilibaki dakika mbili. Nikasema sawa.

Sitakudanganya kwamba nilisukumwa. Nilifikiria Hillary. Nilifikiria ngazi. Nilifikiria kwamba hata karatasi ikitoka mazishi utayakosa tu, kwa hivyo ukienda Februari au ukienda Aprili ni kitu kimoja. Nilijiambia hivyo mpaka nikaamini. Na niliposomewa zile habari za Amerika nikatamani uelewe mwenyewe nisiseme.

Barua ya ubalozini haijaandikwa. Nimemuuliza Nehemiah mara mbili. Mara ya pili alisema gavana ana mambo ya maji na barabara kwanza.

Nimemwuza dada yangu kwa barua ambayo haipo. Nisamehe, Laban. Kama huwezi, nielewe. Kama huwezi hata hiyo, niambie tu umefika nyumbani salama.

Serah


Al-Sulay, Riyadh
Ijumaa, 3 Mei 2013

Shemeji Serah,

Salamu. Mgongo wako unaendeleaje? Mimi niko.

Sijafika nyumbani. Siendi. Nakueleza yote mara moja, usiniulize tena.

Samuel alirudi Jumatatu na karatasi ya kifo. Ni nzuri, iko na muhuri na sahihi. Mudir alisema itafsiriwe Kiarabu, akanipa siku ya Alhamisi. Nikaenda Sulimaniyah kwa ofisi ya mkalimani, mzee Msudani. Akasoma akiandika. Jina, sawa. Mahali, sawa. Akaniuliza, amekufa tarehe sita Machi, sivyo? Nikachukua karatasi nikaangalia. Ni kweli. Tarehe sita, mwezi wa tatu.

Nilimpigia Nehemiah nikiwa hapo kwa kiti. Akasema, wewe fikiria, mtu amepiga kura tarehe nne, atakuwaje amekufa Januari? Ilibidi tumsogeze mbele kidogo. Akasema hivyo, kumsogeza. Kama meza.

Mzee alikuwa ananingoja. Nikamwambia andika.

Nilidhani mudir hataangalia. Aliangalia. Mudir wetu kila kitu anaandika kwa kitabu chake cha kijani, mpaka mtu akienda choo. Akafungua kitabu Januari akanionyesha. Akaniambia, Laban, tarehe kumi na moja mwezi wa kwanza ulikuja hapa unalia bibi amekufa. Hii inasema Machi. Januari ulikuwa unalilia nani? Nikasema mudir, karatasi imekosewa. Akasema serikali yenu ndiyo mwongo au ni wewe? Akapigia kafili, wakaongea, akacheka. Akaniambia lete karatasi iliyorekebishwa utaenda. Bila hiyo halas, basi, mpaka mkataba uishe. Ni mwaka mmoja na miezi saba.

Nimeuliza namna ya kurekebisha. Ni kwenda kuapa kwamba alikufa Januari. Watauliza, na hii kura ya Machi ni ya nani? Nehemiah hatajwi popote, yeye hakusimama foleni. Aliyesimama ni Terry na sweta. Terry ndiye anampikia Ashley, ndiye anamlaza, ndiye anampeleka shule. Wakimchukua Terry, Ashley atabaki na nani? Nehemiah?

Kwa hivyo sirekebishi. Iwe Machi.

Msalaba uko na tarehe ya Januari, Terry aliandika kwa rangi mwenyewe. Karatasi iko na ya Machi. Ashley akiwa mkubwa atauliza mama alikufa lini. Wewe ukifika huko kwanza, mwambie. Mimi sijui nitasemaje.

Sasa uliniuliza kitu Januari na Februari. Jerioth tuliongea mara ya mwisho siku ya mwaka mpya. Tuligombana. Alisema anachoka bure, mwili hauna nguvu, nirudi. Nikamwambia kila mtu anachoka. Jumanne ile alipoanguka alinipigia. Mara nne. Simu ilikuwa kwa sanduku la nguo, mudir hataki simu tukipakua. Jioni niliona zile simu nne. Nikasema bado ana hasira, nitampigia Ijumaa. Alhamisi akafa.

Hiyo sijaambia mtu. Elphas hajui.

Jana kwa basi kutoka Sulimaniyah nilikuwa na hiyo karatasi kwa magoti. Serikali inasema Jerioth alikuwa hai mpaka Machi. Nilihesabu. Ni Ijumaa nane. Ningempigia hata ya kwanza.

Kukusamehe sijui. Sina hasira ya kutosha watu wawili, na ya kwangu inanitosha. Usiniombe tena. Danson amekubebea unga wa ugali, pakiti mbili. Ile imeshonwa na uzi mweusi ifungue ukiwa peke yako. Ndani kuna simu ndogo na laini. Ifiche mbali na madam. Nehemiah usimpigie. Mpigie Hillary. Namba yangu iko ndani.

Na mtu wa kwenu akikupigia, shika. Hata kama unaosha ngazi.

Kesho narudi kazini.

Laban